Waini ya varietali ni gani hasa?

Ukipita kwa rafu za waini kwenye supamaketi yoyote hapa Nakuru town utaona chupa moja imeandikwa Merlot, ingine Shiraz, ingine Sauvignon Blanc, na wengi hudhani hizo ni kampuni. Hapana, hizo ni aina za zabibu. Waini inayouzwa kwa jina la zabibu iliyoitengeneza ndiyo inaitwa varietali. Na varietali ni waini yenyewe, si mzabibu ulio shambani, hapo ndio watu huchanganya hata wale wamezoea kunywa.

Sasa hii ushike vizuri: lebo ikisema Merlot si lazima iwe Merlot tupu. Marekani kwa kawaida sheria inataka angalau asilimia 75 iwe hiyo zabibu, Ulaya na Afrika Kusini ni 85, kwa hivyo yule wa Stellenbosch anayeuza Shiraz anaweza kutia zabibu ingine mpaka asilimia 15, labda rangi ikolee ama ukali upungue, na bado hajavunja sheria. Ni kama unga wa wimbi uliotiwa muhogo kidogo, sisi bado tunasema ni uji wa wimbi. Lakini ukiona majina mawili, Cabernet Sauvignon na Merlot, huo ni mchanganyiko na kawaida ile imetangulia ndiyo nyingi.

Wafaransa nao mara nyingi huandika mahali. Chablis ni mji mdogo, na waini yake yote ni Chardonnay peke yake, ila neno Chardonnay unaweza kulitafuta kwa lebo na ulikose. Kwa hivyo kukosa jina la zabibu haimaanishi wamechanganya, ingawa Bordeaux nyekundu mara nyingi ni mchanganyiko kweli.

Mimi napenda varietali kwa sababu zinakufundisha ulimi. Sauvignon Blanc ina ile harufu ya majani mabichi na hoho, ukishaijua huisahau. Na hatuhitaji kwenda mbali, Leleshwa wanakuza zabibu hapa Naivasha na wana Sauvignon Blanc yao, nunua hiyo na ingine ya Afrika Kusini, zipoeshe kwa friji pamoja, mimina glasi mbili, nusa kwanza kabla hujaonja, zabibu ni ile ile kwa hivyo tofauti utakayosikia imetoka kwa udongo, hali ya hewa na mkono wa aliyeitengeneza.