Kumbi, kifuu na macho matatu: jinsi nazi inavyoilinda mbegu yake

Ua likishachavushwa na kurutubishwa, ovari yake huvimba ikawa tunda. Tunda hilo lina kazi mbili zisizofanyika kwa wakati mmoja: kwanza kuificha mbegu mpaka ikomae, kisha kuisafirisha. Papai bichi ni gumu na limejaa utomvu unaowasha, na mbegu zake bado nyeupe. Zikishakuwa nyeusi ndipo ganda linageuka manjano, sukari inapanda, na popo na ndege wanakaribishwa.

Nazi haimngoji popo. Kutoka ua mpaka nazi kavu ni miezi 11 hadi 12, ikipitia kidaka, kitale, dafu na koroma. Ganda la nje huzuia maji. Chini yake kuna makumbi, nyuzi zilizojaa hewa: hupunguza kishindo nazi inapoanguka, na huielesha baharini. Kisha kifuu. Macho yake matatu ni alama ya vyumba vitatu vya ovari, ambavyo kimoja tu ndicho hukua. Yachokonoe kwa kijiti: mawili ni magumu, la tatu linapenyeka. Nyuma ya hilo laini ndipo kilipo kiinitete, na ndipo chipukizi litakapotokea. Kwa hiyo mbegu hasa ni kile kilichomo ndani ya kifuu. Kumbi na kifuu ni tunda.

Bahari si msafirishaji pekee. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta nazi za Komoro na Madagaska zimechanganya asili ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, jambo linaloelekeza kwa mabaharia wa kale kutoka Asia ya Kusini-Mashariki.

Kwa kitalu, chagua nazi kavu na uitikise, maji yasikike. Koroma huoza, kwa kuwa kiinitete hakijakomaa. Usiifue, maana makumbi ndiyo yanayotunza unyevu. Ilaze ubavu, ifukie theluthi mbili, umwagilie bila kutuamisha maji. Ndani, joya, lile donge laini kama sifongo, litakua likinyonya maji na nyama kulisha mche. Ukipasua nazi ukalikuta, haijaharibika, imeanza kuota. Nyingi za minazi mirefu huchipua kati ya miezi 3 na 5. Ikifika 6 bila chipukizi, itoe kitaluni, maana hata ikiota mche wake huwa dhaifu.