Mawimbi ya grafu si ahadi ya mizani ya utitiri

Wengi wakiona mistari miwili ya modeli ikifukuzana kwenye kompyuta, idadi ya mawindo ikipanda na ya mwindaji ikifuata, huamini kwamba ukiachilia utitiri mwindaji ale utitiri waharibifu wa mimea, mizani itajiweka yenyewe daima. Si kweli.

Tazama namba zenyewe. Milinganyo ya Lotka na Volterra, ile inayokokotoa idadi ya mawindo na mwindaji na kuchora mawimbi hayo, hukubali vipande vya kiumbe. Mawindo yakishuka hadi 0.003 kwa kitalu kizima, modeli huyafufua baadaye bila aibu. Kwenye majani halisi, chini ya jike mmoja ni sifuri, na Phytoseiulus persimilis, utitiri mwindaji ambaye chakula chake ni utitiri wa buibui, hufa njaa.

Mtafiti Huffaker alilionyesha hilo mwaka 1958 kwa utitiri waliowekwa juu ya machungwa: mpangilio ulipokuwa rahisi, mwindaji alimaliza mawindo, kisha naye akatoweka. Mawimbi yalijirudia, tena kwa muda tu, alipoweka vizuizi vya Vaseline na vijiti vya kuyawezesha mawindo kupeperuka.

Kwa hiyo gawa kitalu kuwa viraba, kila mmea kiraba chake. Hesabu kwa namba kamili, ruhusu uhamaji kati ya viraba jirani, na endesha programu hata mara 100 kwa namba nasibu tofauti. Mara moja haitoshi.

Angalia pia hatua ya muda, yaani kipindi ambacho programu huruka kila inapokokotoa upya. Kwa njia ya Euler, ile rahisi ya kusonga mbele kwa kasi ya mwanzo wa kila hatua, hatua ya siku nzima hukuza mawimbi yenyewe, na watu hudhani ni baiolojia. Ikate nusu: grafu ikibadilika, bado ni kubwa mno.