Jina la babu halipo makaburini: je, hakwenda vitani?

Huku Taita Taveta nasikia mara nyingi: "Tulikagua mawe yote ya makaburi ya vita pale Taveta, babu hayupo, basi hadithi ya bibi ni ya kubuni." Hoja hiyo si sahihi, na inaumiza familia.

Vita vya 1914–1918 vilipita hapa hapa, lakini Waafrika wengi waliokufa, hasa wapagazi waliobebeshwa chakula na risasi, hawakuwekewa mawe yenye majina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hesabu ikafika 350,000. Kukosekana kwa jina kulikuwa uamuzi wa wakubwa.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Kama kuna medali ya fedha ya vita hivyo, igeuze upande polepole mwangani: ukingoni huchongwa namba, cheo, jina na kikosi. Medali za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina, lakini nyota ya Burma inaonyesha alikopelekwa. Kisha waulize wazee majina yote aliyowahi kuitwa, maana makarani waliandika walivyosikia, na ukoo mmoja unaweza kuwa na tahajia tatu. Ukiwa nayo hayo, nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, uombe taarifa za wilaya za miaka ile.