Kujiuzulu si udhaifu

Mtaani husemwa kiongozi imara haachii kiti, na kwamba akijiuzulu kwa kosa ambalo hakulitenda mwenyewe, basi amejimaliza kisiasa. Ali Hassan Mwinyi anatosha kuivunja dhana hiyo. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumpiga mtu. Angeweza kuwatupia lawama walio chini yake, kama tulivyozoea kuona. Badala yake alimwandikia Nyerere barua, akaachia uwaziri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 wa Muungano. Si kila anayejiuzulu hurudi, wala hilo si sharti. Kuwajibika ni kulibeba hata kosa la askari usiyemjua jina.