Picha za familia za Wahungaria wa ughaibuni: nyuma ya picha nako kuskaniwe

Dhana inayoua picha nyingi kuliko zote ni hii ya "tukishaskani tumemaliza". Jamani, mmeskani sura tu. Chukua picha moja kwenye boksi la viatu huko Cleveland, mwanamke kasimama kashika kiti, nyuma kwa penseli pameandikwa "Kovács Jánosné, Kassa, 1912. VIII. 20." Mjukuu kakulia Marekani, Kihungaria hasomi, anaskani mbele, faili linaitwa IMG_0047, basi. Wakati kwenye huo mstari mmoja mambo yamejaa: Wahungaria wanaanza na jina la ukoo, tarehe wanaanza na mwaka, VIII ni mwezi wa 8 wala si mfalme wa nane. Na Kassa kipindi hicho ilikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria, mkataba wa Trianon wa 1920 ukathibitisha kuwa ni ya Chekoslovakia, leo ni Košice ya Slovakia, kwa hiyo kwenye maelezo ya faili weka majina yote mawili la sivyo anayetafuta Košice haioni ng'o.

Halafu hiyo "Jánosné" watu wanadhani ndo jina lake. Wapi! -né ni "mke wa", yaani hapo kaandikwa mke wa Kovács János, jina lake la kuzaliwa halimo kabisa. Ni sawa na kukuta picha ya bibi nyuma imeandikwa "Mama Juma", huo mtihani sote tunaujua. Jina lenyewe katafute kwenye vyeti, Hungaria serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Oktoba 1895, nyuma ya hapo ni vitabu vya dini. Na vialama juu ya herufi usivifute, ö na ő ni herufi mbili tofauti.

Wengine wanaamini wote walikimbia 1956. Kweli mapinduzi ya Hungaria dhidi ya utawala wa kikomunisti yalipozimwa na jeshi la Kisovieti walitoka kama 200,000, Canada ikapokea kama 37,000, ila kabla hata ya vita kuu ya kwanza viwanda vya Cleveland vilishajaa Wahungaria. Na aliyevuka mpaka usiku hakubeba albamu, picha zake za utotoni mara nyingi zilimfuata kwa posta, sasa bahasha unaitupa ya nini, muhuri wake una tarehe!

"Picha za watu wa kawaida nani anazitaka?" Waulize Fortepan ya Budapest, hifadhi ya picha za zamani mtandaoni, ilifunguliwa 2010 na Miklós Tamási na Ákos Szepessy, picha nyingi za mwanzo ziliokotwa kwenye vitu vilivyotupwa barabarani, leo zipo zaidi ya 100,000 na yeyote anatumia bure akitaja zilikotoka.

Kutuma WhatsApp siyo kuhifadhi, inaibana picha. Skani 600 dpi (nukta kwa inchi), TIFF, yaani faili kubwa lisilopunguza ubora, ibaki, JPEG ndo uwatumie mashangazi, na flashi moja kwenye droo siyo bakapu, weka kopi tatu na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Albamu za kurasa za gundi usibandue kwa nguvu, skani ukurasa mzima ulivyo.

Na lamination, ugonjwa wetu sote huu! Ule moto na plastiki vikishashika cheti cha 1912 havitoki tena, kiingize kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kilale sehemu kavu isiyo na joto.