Je, wajua kwa nini watu wanaokuja kijijini kwa mambo ya kujikinga na mafuriko hukuambia uchore kijiji chako chini na kijiti?

Ukipita Budalangi ama Nyando, huko magharibi mwa Kenya kwenye mito hufurika, upate watu wazima wamechuchumaa chini ya mwembe, wanapanga mawe na vifuniko vya soda kwa vumbi, na kando kuna mtu wa Msalaba Mwekundu na jaketi yake anaandika tu bila kusema mengi, usidhani ni ajua, ule mchezo wa bao, wanacheza. Hiyo ni tathmini ya udhaifu na uwezo wa jamii, yaani wenyeji wanachora ramani ya kwao waonyeshe ni nini kinaweza kuwaumiza maafa yakija na wako na nini cha kujisaidia. Swali ambalo mtu hujiuliza ni kwani setilaiti zilienda wapi? Nzoia si mto wa siri, inatoka Cherangani na Mlima Elgon inateremka mpaka Ziwa Victoria, na kila mtu anajua Bunyala, huko Budalangi, ndiyo iko huko chini kabisa. Sasa nyanya wa miaka sabini ataongeza nini hapo?

Ataongeza mengi, lakini kwanza tutoe kitu kimoja kichwani, kwa sababu kikibaki hiyo ramani ya vumbi itaonekana ni mchezo.

Wengi hudhani udhaifu mbele ya maafa ni umaskini tu umepewa jina la ofisini. Yaani tembea kijijini, hesabu nyumba za udongo, hesabu za mawe, rudi ofisini umemaliza. Na si uongo kabisa, nyumba ya udongo ikikaa kwa maji siku mbili inarudi kuwa udongo, na mwenye hana akiba atachelewa kuinuka, hapo hakuna ubishi. Shida ni vile hiyo hesabu inakosea katikati. Angalia mwenye duka la jumla amejenga mawe, stoki yote iko sakafuni, imenunuliwa kwa loni, yeye ni wa kutoka mbali, hajui jirani hata mmoja na simu yake usiku iko kwa chaji. Halafu huko nyuma kuna mama wa nyumba ya udongo, ako kwa chama, dada yake ameolewa kule juu kwenye maji hayafiki, na mvuvi wa pili kutoka kwake ana mtumbwi. Maji yakija saa nane usiku yule mama anaweza kupoteza nyumba na awe ameshatoka na watoto, na yule mwenye duka bado anatafuta ufunguo. Kwa fomu ya kuhesabu nyumba, mwenye duka ndiye salama.

Kosa lingine ni kuona udhaifu na uwezo kama ratili moja, ukipanda huku unashuka kule. Hapa wacha nitumie bodaboda, si hata ni za kwetu, zilianzia mpakani Busia. Pikipiki mbili zinakuja usiku kwa barabara moja yenye shimo moja kubwa. Ya kwanza ni mpya, shoki safi, tairi safi, lakini taa yake ni hafifu na dereva ni mgeni njia hiyo. Ya pili tairi imeisha kabisa, imebeba watu watatu na gunia la makaa, lakini dereva hupita hapo kila jioni, anajua shimo liko mara tu ukipita kanisa, na anajua pa kubana. Nani ataanguka? Ukipima shimo hata kwa rula hutapata jibu, na bei ya pikipiki haikusaidii pia. Yule wa pili tairi yake haijapona kwa sababu anajua njia, siku mvua ikinyesha itateleza tu, na bado ujuzi wake ni wa kweli. Vyote viko kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, ndiyo maana kwenye tathmini kuna kolamu mbili na hakuna kutoa moja kwa ingine upate jumla. Na sasa wewe mfadhili umeona tu kolamu ya makosa, umenunulia kila mtu tairi mpya, umepiga picha, umeenda. Yule wa kwanza alikuwa anahitaji balbu.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Mary Anderson na Peter Woodrow, walipanga haya mambo kwa mafungu matatu: vitu tulivyo navyo, vile tumejipanga na kushikana, na vile tunajiona, kama tunaamini kuna kitu tunaweza kufanya ama tunangojea serikali. Miaka ya tisini Msalaba Mwekundu wakaichukua wakaipeleka vijijini, na hapo ikaungana na zile mbinu za kuchora chini ambazo watu wa maendeleo walikuwa wanatumia tayari.

Kwa nini chini? Kwa sababu karatasi na kalamu vikitokea, anayechora ni mwalimu ama liguru, yaani mzee wa kijiji, na wengine wanaitikia tu. Jivu likiwa ndio mto na mawe ndio nyumba, mama yeyote anaweza kuinama asongeze jiwe bila kuomba ruhusa. Halafu wanatenganisha wanaume kando, wanawake kando, vijana kando, na hapo ndipo utamu unaanza, kwa sababu ramani hazifanani. Ya wanaume inaweza kujaa barabara, mashamba na soko. Ya wanawake inaleta kisima ambacho huchafuka kwanza, njia ya kwenda zahanati inayokatika mapema, na nyumba ya mzee asiyeweza kutembea. Shule ya juu kwenye kila mtu hukimbilia iko kwa ramani zote, mpaka mtu aulize ufunguo hukaa na nani wikendi.

Kuna vitu pia hukataa kukaa kolamu moja. Zile daiki za Nzoia, kuta za udongo kando ya mto, kwa mfano. Zinazuia maji, na zikishindwa watu hupiga kambi juu yake kwa sababu ndiyo sehemu kavu imebaki, huo ni uwezo. Lakini ng'ombe wakipanda na kushuka hapo kila siku zinachakaa, na mtu akishazoea daiki anajenga karibu nayo zaidi. Unaandika pande zote mbili. Na kolamu ya uwezo ina mambo ya kushangaza: Bunyore huko Vihiga, ukoo wa Nganyi, wale wa kusoma mvua kwa miti na wadudu, walifika mahali pa kuketi na Idara ya Hali ya Hewa wakitoa utabiri wa pamoja. Wanasayansi hawakuingia dini ya mtu, waliona tu kwamba tangazo la redio likipingana na Nganyi, kuna watu watasikiliza Nganyi.

Lakini isisifiwe kupita kiasi. Kuthibitisha kwamba tathmini imeokoa watu ni kazi ngumu, huwezi kuhesabu maiti ambazo hazikutokea, na ripoti nyingi zinaandikwa na walewale waliofanya kazi. Mijini pia inayumba, Nyalenda pale Kisumu karibu na mto Auji wapangaji huhama, ramani ya leo mwakani ina watu wengine na mwenye nyumba hakukuja baraza.

Kubwa zaidi, ramani ya kijiti inategemea kumbukumbu. Kando ya Ziwa Victoria hiyo ilisaidia, maana kuna wazee walioona ziwa likipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, wangeweza kukuonyesha maji yalifika wapi, na mwaka 2020 yakarudi kiwango hichohicho. Solai huko Nakuru haikuwa hivyo. Bwawa la Patel lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40. Halikuwa limewahi kupasuka, kwa hivyo hakuna mzee angeweka jiwe kuonyesha maji yatapita wapi, na hali ya ukuta wa bwawa la shamba la mtu si kitu majirani wa chini huonyeshwa. Hapo kijiti kinafika mwisho, unahitaji injinia na mtu wa serikali mwenye nguvu ya kufungua geti la hiyo shamba.