Ndimu, kalsiamu na vali ya moyo iliyobana

Ndimu huondoa magamba meupe kwenye birika la chai. Hilo ni kweli, na wanaochemsha maji ya kisima wanalijua vizuri. Asidi ya sitriki hushikamana na kalsiamu na kuiyeyusha. Kutoka hapo watu huruka hadi kwenye moyo, na ndipo mambo huharibika.

Dhana: ukinywa maji ya ndimu, kalsiamu iliyoganda kwenye vali (kilango cha moyo kinachoruhusu damu kwenda upande mmoja) itayeyuka.
Haiyeyuki. Asidi hiyo ikishaingia mwilini huvunjwa kama chakula. Seli zenyewe huitengeneza na kuivunja muda wote, katika mzunguko ambao mwanasayansi Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Halafu kalsiamu ya vali haikugandia juu juu. Imo ndani ya nyama ya vali, na huwekwa humo na seli hai zilizoacha kazi yao zikaanza kufanya kazi ya seli za mifupa. Kuyeyusha kalsiamu ya vali iliyokwisha kutolewa mwilini, ndani ya chupa ya maabara, ni kemia tu. Tiba ni jambo jingine kabisa.

Dhana: basi asidi hiyo ipitishwe kwenye mshipa.
Hili linanitia hofu zaidi. Sitrati, yaani chumvi ya asidi ya sitriki, ndiyo huwekwa kwenye mifuko ya damu ya kuchangia ili damu isigande, nayo hufanya hivyo kwa kuikamata kalsiamu. Mgonjwa akiongezewa damu nyingi kwa haraka, kalsiamu yake inaweza kushuka: midomo hufa ganzi, mapigo huvurugika. Kalsiamu inayokamatwa kwanza ni ile iliyo huru kwenye damu, ambayo moyo hauwezi kupiga bila hiyo.

Dhana: chanzo cha vali kubana ni kalsiamu ya maziwa na dagaa.
Hapana. Kwa vali ya aota, ile ambayo damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini, chanzo kikubwa ni umri, au kuzaliwa na vali ya vipande viwili badala ya vitatu. Afrika Mashariki kuna pia homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Hiyo hupenda zaidi kubana vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo.

Dhana: dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) zitazuia vali isizidi kubana.
Zilijaribiwa. Utafiti wa SEAS wa mwaka 2008, wenye wagonjwa 1,873, haukuona zikipunguza kasi ya ugonjwa wa vali. Vali iliyobana sana hubadilishwa: kwa upasuaji wa kufungua kifua, au kwa mrija unaopitishwa mshipani, njia aliyoianzisha daktari wa moyo Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002.